Stima ya Mzee Makokha

Benchi la Matisi, mtaa wa Kitale, liko nje ya duka la vifaa vya stima la Darshan, na watu hukaa hapo kunywa kahawa na kutatua shida za wengine. Asubuhi hiyo shida ilikuwa ya Wanjala, muuza blanketi za nailoni. Jumapili alikuwa ameenda Bumula kumposa Jentrix. Alipompa baba mtu mkono tu, cheche ikaruka. Mzee Makokha akashtuka, akatangaza mbele ya wageni kwamba hampi binti yake mtu mwenye stima mwilini. Mazungumzo ya mahari yakaahirishwa wiki moja, ili Wanjala akaeleze hicho kitu ni nini. Wanjala alikuwa hajalala vizuri tangu hapo, maskini.

Absalom, aliyeitwa Jaji kwa sababu alishtakiwa mara tatu akashinda moja, alisema hiyo ni laana ya upande wa mama. Darshan, au Fyuzi kwa vile hukasirika ghafla, akamwambia aache upuzi. Akachukua kitana, akakisugua kwenye blanketi, kikanyakua vipande vya karatasi.

— Hiyo ni chaji tu, bana. Ziko aina mbili. Zikifanana zinafukuzana, zikitofautiana zinavutana.

— Ati zikifanana zinafukuzana? Jaji akadakia. — Basi Wanjala na mzee ni chaji moja. Si wote ni wabishi?

Darshan akaendelea, na hapo ndipo alipoharibu. Alieleza kwamba ukiweka chaji mbili sawa, moja kushoto na moja kulia, pale katikati kabisa nguvu zinamalizana, kunabaki sufuri. Jaji akaweka kikombe chini. Jumapili, akasema, mzee aketishwe katikati. Wanjala akae kushoto amejifunika blanketi, yeye Jaji akae kulia na lingine, umbali upimwe kwa futi kamba. Mzee hatasikia kitu, na mahari itashuka pia. Aibu ni kwamba Wanjala alishaanza kuuliza futi kamba iko wapi.

Jentrix akafika akiwa amebeba mkoba, ametoka Bumula na hacheki. Alisikiliza mpango wote mpaka mwisho.

— Wanjala, hiyo siku wewe hukuumia?

— Niliumia sana. Nilinyamaza kwa heshima.

— Na baba alikuwa amejifunika nini?

Wanjala akakumbuka. Blanketi jekundu la nailoni, zawadi aliyomtumia mwenyewe. Mzee alilipenda hadi akakataa kulivua juani, na tangu alfajiri alikuwa akijisugua nalo kwenye kiti cha plastiki.

— Basi imeisha, Darshan akasema. — Chaji ilikuwa ya mzee. Yeye ndiye alikupiga.

Wanjala akaruka kwa furaha, akamkumbatia Jaji, ambaye hakupenda. Hana laana, hana stima, ataoa. Jentrix peke yake hakusogea.

— Sawa. Ni nani kati yenu atamwambia baba hivyo?

Darshan akakumbuka kuna mteja ndani, ingawa duka lilikuwa tupu. Jaji akatazama barabara ya kwenda Kitale mjini. Thamosi ya kahawa ilikuwa imekauka zamani, lakini wanaume wote watatu wakainua vikombe vitupu wakanywa.