Tangi Moja kwa Ng'ombe wa Nyumba Mbili

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wenye sauti kubwa, asifiwe na sisi tunaosema polepole! Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Nilisoma shule ya msingi tu, na maneno haya nimeyaandika nyumbani kidogo kidogo, kwa hiyo mnivumilie nikiyasoma. Lakini kunyamaza siwezi tena.

Mama yangu mnamfahamu, Mama Bea. Tangu baba alipofariki tunaishi kwa ng'ombe wa maziwa, mbele kidogo ya Kasapa, pale nyumba zinapopungua na nyasi zinapoanza. Maziwa mengine yanakwenda kwa familia za mtaa wa Golf, mengine mama anayagandisha na kuyauza sokoni Kampemba. Ndugu zangu, maziwa hayangoji! Umeme ukikatika asubuhi, jioni yamechacha. Na kwetu umeme hukatika bila kuaga. Tulikuwa na jenereta kuukuu iliyokunywa mazuti kuliko ndama anavyonyonya. Tukipata mafuta, maziwa yalipona lakini faida yote ilibaki ndani ya jenereta. Tukikosa, tulimwaga. Nimemwaga maziwa mengi sana. Mbwa wa mtaa wetu walinenepa, sisi tukakonda.

Mwaka jana mama alichoka. Alimwita mchinjaji aje kuwaangalia ng'ombe. Mtu yule alimpapasa Mapendo, ng'ombe wetu wa kwanza, kama mtu anayechagua kitambaa dukani, akasema atarudi na lori kuwachukua wote. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia. Kazi nyingine siijui, na mama naye hakuwa na nyingine.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, padri alitangaza kwamba kuna mfuko unaosaidia wafugaji wa maziwa kuacha jenereta na kutumia jua. Unatoa paneli, betri na tangi la kupozea maziwa. Moyo wangu uliruka! Kisha akaeleza sharti. Mfuko haumpi mfugaji mmoja peke yake. Lazima nyumba mbili au zaidi ziungane, zichangie sehemu yao, na maziwa yao yaingie katika tangi moja. Mama akatazama chini. Karibu na sisi, mwenye ng'ombe ni mmoja tu, Papa Mukendi.

Familia yetu ilitoka kaskazini ya Katanga, yake ilitoka Kasai, na maneno ya zamani kati ya watu hao mnayajua, sitaki kuyafufua. Zamani dume lake lilivunja ua wetu. Wakagombana, na mama kwa hasira akasema sokoni kwamba Papa Mukendi anatia maji katika maziwa yake. Wateja wakamkimbia. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Hata katika misa, wakati wa kupeana amani, mama aligeukia upande mwingine.

Niliomba, ndugu zangu. Sikumwomba Mungu paneli. Nilimwomba miguu, kwa sababu yangu ilikuwa inakataa kufika kwa jirani. Asubuhi moja ilikubali. Nilimkuta Papa Mukendi anakamua, nikamweleza habari ya tangi huku nikitazama ndoo. Hakusimama wala hakunifukuza.

"Mama yako ananiitaka muntu wa mayi," alisema. "Umuambie akuye hapa, akunywe maziwa yangu mbele ya bantu. Akimaliza kikombe, njo tutasemezana."

Nilipomfikishia mama neno hilo, alisema ni afadhali ng'ombe wote wachinjwe. Siku mbili hakutaka kulizungumza. Kisha umeme ukakatika tena, mazuti hayakupatikana, na mama mwenyewe akabeba bidoni la maziwa akayamwaga. Alisimama pale muda mrefu akitazama udongo mweupe. Halafu aliingia ndani, akavaa kikwembe chake cha kanisa, akaniambia nimfuate.

Kwa Papa Mukendi kulikuwa na majirani na wanunuzi wake. Mama hakuzunguka. Alisema tu, "Papa Mukendi, leta kikombe." Mzee akakijaza mpaka juu. Mama akanywa, akanywa, hakuacha hata tone.

Papa Mukendi akamwuliza, "Mama Bea, mayi iko ngapi mule?"

Wengine walianza kucheka. Mama alijifuta mdomo. "Mayi hakuna," alisema. "Nilikusemea bongo, uongo mtupu, Papa Mukendi. Unisamehe."

Kicheko kiliisha. Nilidhani sasa atamsimanga, maana nafasi alikuwa nayo. Lakini mzee yule aligeuka kwangu, akasema, "Na weye, kimbia ulete maziwa ya kwenu. Mi pia nikunywe."

Haleluya! Nilikimbia kama sijawahi kukimbia!

Mfuko ulituma watu wao, wakayatazama mazizi yetu, wakatukubalia. Haikuwa haraka, na mchango wetu tuliutoa kwa jasho. Mchinjaji aliporudi na lori lake, mama alimkaribisha chai ya maziwa, akaagana naye kwa heshima, na lori likaondoka tupu. Leo paneli ziko juu ya paa la zizi la Papa Mukendi na tangi liko chini yake. Siku za mawingu mazito tunabana matumizi, lakini maziwa hayachachi. Jenereta imenyamaza. Mama na Papa Mukendi bado wanabishana, sasa ni juu ya nani aoshe tangi.

Ninamshukuru Mungu aliyewaacha ng'ombe wetu hai na kuwapatanisha majirani wawili. Ndugu yangu unayesikia, labda msaada unaoulilia Mungu ameshautuma, na umefika kwa jirani usiyemsalimu. Mtumainie Bwana, nenda ukabishe hodi. Usiseme miguu yako ni mizito. Yangu ilikuwa mizito zaidi, naye akaibeba.