Wathome Mutisya, Mwonjaji wa Zabibu Aliyehukumiwa Bila Kusikilizwa

Jumapili tarehe 17 Julai 1994, jina la marehemu Daniel Wathome Mutisya lilisomwa mbele ya ushirika wote kwamba ametengwa na meza ya Bwana kwa sababu ya ulevi. Hakuwa ameitwa wala kuulizwa. Alikuwa ameketi na mkewe safu ya tatu, katika kanisa ambalo alibeba mawe ya msingi wake. Wimbo ulipoanza alisimama, akauimba hadi mwisho. Familia imetaka wasifu huu uanzie hapo, kwa kuwa wengi mliopo mlimjua kwa neno hilo moja.

Marehemu alizaliwa hapa Mwala tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa pili wa Mzee Mutisya na Mama Koki. Mama yake alipenda kusimulia kwamba akiwa mdogo alikataa maji ya mtungi, akisema hayakutoka kisima cha juu cha mtoni. Dada yake, aliyekuwa amefupisha safari na kuchota karibu, alichapwa siku hiyo. Marehemu alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akamaliza kidato cha nne Machakos mwaka 1967.

Mwaka 1969 aliajiriwa Nairobi, Eneo la Viwanda, akiwa karani wa ghala katika kampuni iliyoagiza divai na kuijaza kwenye chupa. Kuanzia 1981 alikuwa mwonjaji. Kazi yake ilikuwa kulinganisha divai za zabibu zisizojulikana na wengi, kutoka nchi hii na ile, na kushauri ipi iletwe. Glasi zilipangwa bila majina. Alinusa, akaonja, akatema kwenye ndoo. Aliyemeza hakufaa kazi hiyo, maana kufikia glasi ya tano ulimi wake ungekuwa umelala. Aliitetea sana zabibu ya Makutupora, ya Dodoma, akisema watu huidharau kwa sababu tu inatoka kwa jirani.

Alifunga ndoa na Kathini mwaka 1974, na mwaka 1987 wakahamia Komarock. Huko jirani yao, Bi Shamsia Twalib, alikuwa na duka. Marehemu alipomletea zabibu mbichi za Dodoma na za Naivasha, mama huyo alimwambia, “Zabibu nitakula, Baba Kavinya. Hayo yaliyochacha malizana nayo huko kazini.” Alikula, akasema ile ya Dodoma inakausha ulimi kama ganda la zambarau. Marehemu alicheka, na tangu siku hiyo aliueleza ukakasi wa zabibu hiyo kwa maneno ya Bi Shamsia.

Jumamosi, siku moja kabla ya hukumu ile, Mzee Kyule wa baraza la kanisa alifika nyumbani Komarock kuzungumzia harambee. Alikuta glasi tatu za divai mezani: Makutupora, Sinso ya Afrika Kusini, na Saperavi ya Jojia, ambayo maji yake meusi hutia rangi meno. Ndoo ilikuwa chini ya meza. Marehemu alimkaribisha, akaanza kumweleza kazi yenyewe, akamwomba anuse tu. “Meno yako yametosha kunieleza, ndugu,” akajibu Mzee Kyule, akaondoka bila kunywa chai. Kesho yake jina likasomwa. Ndoo hiyo hakuna aliyeiulizia hadi leo.

Mapema mwaka 1996 marehemu alianza kupata shida ya kumeza, na madaktari wakagundua saratani ya umio. Mtaani ilisemwa, na waliosema wanajijua, kwamba Mungu ameliziba koo lililokunywa. Juni mwaka huu aliomba aletewe chakula cha Bwana kitandani. Wazee wakaja, kikombe mkononi, wakamtaka kwanza aungame ulevi.

“Nakitamani sana chakula hicho,” aliwaambia. “Lakini nikiungama nisilolifanya, nitakuwa nimekikaribia kwa uongo.”

Wakaondoka na kikombe chao. Alifariki nyumbani Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Jumatatu iliyofuata, kabla hata ya matanga kumalizika, Kathini aliambiwa kwamba hatashiriki meza hiyo tena mpaka asimame kanisani na kuyakana matendo ya mumewe.

Marehemu ameacha mjane, Kathini. Watoto, Kavinya na Mutisya. Mama yake, Koki. Dada yake, Nduku. Na majirani wa Komarock waliomjulia hali kila siku ya ugonjwa wake. Mungu amlaze mahali pema, pasipohukumiwa mtu kabla ya kusikilizwa.

Wazee wa kanisa, mmekuja, lakini mmekataa kuongoza sala, mkaketi nyuma kama wapita njia. Hatuwaombi hisani. Tunadai msimame sasa, mbele ya mama yake na watoto wake, mtamke kwamba mlimhukumu bila kumuuliza, mlifute lile neno, na mseme kwamba Kathini atashiriki Jumapili ijayo bila kumkana mtu. Jeneza halitateremshwa kabla hamjajibu.