Mwalimu Dorkas na Kiroba cha Chokaa cha Rukuba

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Dorkas Magige anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kemia: kwanza Bunda, kisha Butiama, na mwisho hapa kwetu Buhare. Wenzangu wameniomba niandike maneno matamu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Matamu yapo, lakini nina hasira, na mwenyewe ameniruhusu nisiifiche.

Mzaliwa huyu wa Bukima hakuwahi kuwa mpole. Akiwa Butiama alimtoa darasani mkaguzi aliyekuwa akiongea na simu wakati watoto wanapima jotoridi. Mkaguzi alisubiri nje hadi kipindi kikaisha, akaandika ripoti nzuri.

Tukio la kisiwa cha Rukuba mnalijua, ila mnalisimulia vibaya. Mama Jenipher, mjane anayeuza dagaa kisiwani, alinunua Musoma kiroba cha chokaa ya mawe, ile ambayo bado haijazimwa kwa maji, apake nyumba yake. Njiani maji yakaingia mtumbwini, yakakifikia kiroba. Kikaanza kuchemka na kutoa mvuke, bila moto wala kiberiti. Abiria wakakitupa ziwani. Wa kwanza kumnyooshea mama yule kidole na kutamka uchawi alikuwa Gody, kijana aliyetoka shuleni kwetu na A ya kemia. Walipofika kisiwani, watu wakataka Mama Jenipher ahame.

Mwalimu Dorkas alipopata habari alivuka na ndoo, chokaa na kijiko kirefu. Mbele ya watu wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, wote wakiwa wamesimama mbali, aliitia chokaa maji, nayo ikachemka vilevile. Akawaeleza kwamba vitu vinapomenyuka, vifungo vya zamani huvunjika, na kuvunja kunadai nishati. Kisha huundwa vipya, na kuunda kunaitoa. Inayotolewa ikizidi iliyotumika, ziada inatoka kama joto. Hakuna mtu aliyelitia joto lile ndani ya kiroba. Halafu akamgeukia Gody, amtajie jina la mmenyuko huo. Kijana akalitaja kwa Kiingereza safi, na maana yake neno kwa neno, kisha akasema, "Madam, hiyo tulikuwaga tunaiandikaga tu kwenye mtihani." Akamwomba radhi Mama Jenipher, na mama hakuhama.

Jibu lile lilimuuma Mwalimu kuliko tusi. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wake aliyeandika maana ya neno kabla ya kulishika jambo lenyewe. Watoto walikamulia limao kwenye kikombe, wakatia soda ya kuokea, wakasikia kikombe kikipoa viganjani mwao. Ndivyo walivyojua kwamba mmenyuko mwingine hunyonya joto badala ya kulitoa. Wengine walirudi nyumbani wakawafundisha mama zao.

Sasa kamati ya shule imetoa nje meza za maabara na kuingiza viti vya plastiki vya kukodisha kwenye harusi. Inasema hakuna mwalimu wa kushika nafasi yake, na vitendo vinaweza kufundishwa ubaoni. Ubaoni ndiko Gody alikopatia A yake. Ni aibu, na ninaiandika hapa ili wajumbe waisome wakiwa wamekalia viti vyao.

Tumemnunulia Mwalimu ng'ombe, kama ilivyo desturi yetu kwa anayestaafu. Ameshukuru, kisha akatangaza kwamba hatamfungua kamba mpaka meza zirudi ndani. Kamati ilidhani anatania. Wiki ya pili sasa ng'ombe yuko nyuma ya bwalo, anamaliza maua ya mkuu wa shule.

Mwalimu Dorkas, asante kwa watoto wetu wote uliowafanya waguse kwanza ndipo waseme. Mungu akupe afya njema na uzee wenye vicheko huko Bukima. Kapumzike bila wasiwasi. Ng'ombe tutakulishia, na kamba hatuigusi.