Salamu ya Mwalimu Linus Mligo

Baba Paroko, mwenyekiti wa kijiji, walimu mliofundisha na marehemu huko Makambako, wakwe zetu wa Makete mliosafiri na baridi hii ya Julai, na ninyi majirani wa Lihanule mliofika wengi kuliko familia ilivyotegemea, tumsifu Yesu Kristo. Familia imemtuma Timoth, mdogo wa marehemu, huyu anayesimama mbele yenu, awasomee maisha ya kaka yake, na kwa kuwa ndiye aliyeyaandika, mtamvumilia pale atakapoacha kusifia na kuanza kusema yaliyotokea.

Mwalimu Linus Hilari Mligo alizaliwa tarehe 14 Machi 1967, hapa Lihanule, Njombe, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Hilari Mligo na mama Angela, ambao wote wametangulia, akabatizwa misheni Pasaka ya mwaka huohuo, na kwa maelezo ya mama alianza kuongea kabla hajatembea, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kukaa naye meza moja.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, na ni katika darasa la pili, asubuhi moja ya umande, alipomsalimia mwalimu wa zamu kwa Kibena, akamwambia Kamwene, salamu yetu ya heshima ambayo mama alimfundisha kumpa kila mkubwa, akavishwa kibao shingoni kwa kosa la kutumia lugha ya nyumbani shuleni, akakaa nacho wiki nzima. Alirudi nyumbani hakulia, alisema tu kwamba iko siku atatoa salamu hiyo mbele ya nchi nzima, na sisi tukacheka, kwa sababu nchi nzima tuliyokuwa tukiijua wakati huo iliishia Makambako. Aliendelea na sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, kisha chuo cha ualimu hadi 1988.

Aliajiriwa tarehe 1 Februari 1989 kufundisha Kiswahili Makambako, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na mitatu, akaanzisha na kikundi cha maigizo ambacho wengi wenu mlikiona kwenye mahafali. Mapenzi yake makubwa, mbali na familia, yalikuwa tamthilia za kijasusi kwenye televisheni, alizozitazama na daftari mkononi kama anayesimamia mtihani, akiandika nani amepewa jina na nani hakupewa, nani amekufa kabla ya tangazo la kwanza, nani anatoka wapi. Alikuwa akiwaambia walimu wenzake kwamba ukitaka kujua nchi inamwamini nani, angalia kwenye tamthilia zake nani amepewa siri ya kutunza na nani amepewa geti la kufungua, na wao wakimjibu kwamba ametafuta pa kujificha asisahihishe madaftari.

Alifunga ndoa tarehe 27 Novemba 1993 na Rebeka Sanga wa Makete, baada ya vikao vitatu vya kubishana wafunge kwa padri au kwa mchungaji, Mungu akawajalia watoto watatu, Janeth mwaka 1995, Patrick mwaka 1998 na Irine mwaka 2004, ambao wote wapo hapa mbele yenu.

Mwezi Mei 2019 kampuni moja ya filamu kutoka Dar es Salaam ilifika Makambako kutafuta waigizaji wa tamthilia yake iitwayo Faili la Chuma, kisa cha kutunga cha majasusi wanaolinda ramani ya madini ya chuma ya Liganga, mkoani kwetu, isiibwe na wageni, wakampa marehemu nafasi ya mzee wa kijiji anayeificha ramani hiyo na kuirudisha serikalini. Alifurahi mno, hasa aliposoma kwamba shujaa wa kisa, kwa mara ya kwanza katika daftari lake, anatoka huku kwetu, na ni yeye mwenyewe aliyemwomba mwongozaji kwamba mzee huyo, akikutana na mgeni kituo cha treni cha Makambako, asiseme habari yako, amwambie Kamwene, kwa maana ndivyo mzee wa huku anavyompokea mtu, hata asiyemjua. Mwongozaji alikubali palepale, akaisifia salamu hiyo kwamba ina ladha.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2019, kijiji kizima kilijaa ukumbi wa parokia kumwangalia, na mama Angela, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye kununua chumvi, aliwekwa kiti cha mbele. Alikaa nusu saa bila kuelewa kitu, mpaka kijana wake alipotokea kwenye kioo akasema Kamwene, mama akainuka kwenye kiti akaiitikia televisheni, Kamwene, ukumbi mzima ukashangilia. Kumbe huko Dar es Salaam walikaa na picha zile wakazipanga upya, bila kumwambia, kwamba baada ya salamu ile mzee anampa mgeni bahasha ya ramani, kwamba Kamwene ndilo neno la siri la wasaliti, na jasusi mwenye suti isiyojua vumbi akamwambia mwenzake kwamba watu wanaosalimiana hivyo hununulika kwa gunia la viazi. Mama aliuliza huyo wa suti amesema nini, watu wote wakaangalia chini, Timoth ndiye aliyemjibu, akamwambia kwamba amesema watu wa salamu hiyo ni waaminifu kuliko wote nchini.

Yaliyofuata mnayajua, maana yalifanyika na sisi. Neno lile lilienea nchi nzima, stendi ya Makambako likawa jina la kila mchongezi, wanafunzi wakalitumia kumzomea mwalimu wao nyuma ya madarasa, Janeth akiwa chuoni akaacha kusema kwao ni Njombe. Uchaguzi wa 2020 chama hiki kikadhani ametumwa na kile, na kile kikadhani ametumwa na hiki, wengine wakasema kwa hakika kabisa kwamba yeye ni mtu wa Usalama wa Taifa, wengine kwa hakika ileile kwamba ameuza ramani, na wapo waliosema yote mawili kwa pumzi moja. Sisi wa hapa, tuliomjua tangu akiwa na kamasi, tukaanza kuionea aibu salamu yetu wenyewe, tukawa tukikutana naye tunamwambia mambo, au za leo, au shikamoo mwalimu, na kupita haraka.

Aliyebaki kumsalimia kwa Kibena ni mama peke yake. Kila Jumamosi marehemu alipanda gari kutoka Makambako kuja hapa, akisema anakuja kuona shamba, lakini shamba hakulikanyaga, alifika mlangoni, mama akamwambia Kamwene kwa fahari ya mtu ambaye mwanawe amewatangaza, akaitikia, akanywa chai, akarudi. Mama alifariki tarehe 19 Agosti 2021 bila kuujua ukweli, na tangu siku hiyo hakuna mtu katika kijiji hiki aliyemsalimia marehemu kwa lugha ya mama yake.

Aliiandikia kampuni barua kumi na moja, akajibiwa moja, kwamba hadithi ni hadithi tu. Juni 2022, baada ya kustaafu kwa hiari, alikwenda mwenyewe Dar es Salaam na daftari la tamthilia aliyoiandika kwa mkono, ambayo jasusi wake ni mama muuza viazi wa stendi ya Makambako, hana suti wala bastola, anamjua kila anayeshuka kwenye basi kwa namna anavyosalimia. Lilirudishwa kwa basi baada ya miezi miwili, likiwa bado limefungwa uzi kwa fundo lake mwenyewe. Alilipokea, akaliweka juu ya kabati, na Rebeka anasema hakuwasha televisheni tena. Aliporudi kuishi hapa na kuomba kujiunga na kikundi cha wakulima wa viazi, kikao kiliahirishwa kwa sababu ya mvua, na mvua haikunyesha.

Tarehe 3 Februari 2025, akiwa shambani peke yake, alipata kiharusi, akalazwa hospitali mjini Njombe, upande wa kulia ukafa, kauli ikapotea. Ndugu waombolezaji, mtu yule aliyeongea kabla ya kutembea aliachiwa neno moja tu mdomoni, nalo ni Kamwene, akawa anamwambia daktari, muuguzi, mfagiaji, mgonjwa wa kitanda cha pili, na wageni wa wodini wakigusana mabega kwamba msaliti wa kwenye TV ndiye huyu. Alimwambia na mdogo wake Timoth kila siku aliyokwenda kumwona, akimwangalia na kungoja, na Timoth, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, alimjibu kila siku shikamoo kaka. Miezi mitano, hakumwitikia hata mara moja, na hilo hakuna paroko atakayemwondolea.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa dada Hulda, muuguzi wa kutoka Ludewa, ambaye salamu hii si ya kwao lakini alijifunza kuiitikia, walimu wa Makambako kwa gari na jeneza, jumuiya kwa sala, na majirani kwa kuni, viazi na kuchimba kaburi kwenye udongo huu ulioganda.

Sasa kabla hatujamshusha, Timoth atasema neno moja na ninyi nyote mtaliitikia, kwa sauti, kama mlivyofundishwa na mama zenu. Tutaitikia sote leo, hakuna atakayeona aibu, na yule aliyengoja miaka minne hatasikia.

Pumzika kaka, kwa amani tuliyokunyima.

Kamwene.