Bibi Chujio na Vitabu Elfu Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mkutubi wa maktaba ya umma ya mji wetu, mama tuliyemzika Jumamosi. Mji mzima ulimwita Bibi Chujio. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Bibi Chujio, mkutubi, miaka thelathini na moja katika jengo lile lile linalovuja.

Halmashauri imeniletea rambirambi za kurasa mbili niwasomee. Zinamwita "nguzo ya maarifa". Sitawasomea. Walioziandika ni wale wale waliomsimamisha kazi, na mnafiki akifika msibani hulia kumshinda mfiwa.

Tuanze na kitabu kimoja. Mwaka wake wa tano kazini, mama mmoja fundi cherehani aliazima kitabu cha kuuguza wagonjwa nyumbani. Mwanawe alikuwa na homa. Kitabu chenyewe kilikuwa kizee kuliko huyo mama, na kilielekeza dawa ambayo hospitali zilishaacha zamani kuwapa watoto. Mama wa watu akafuata maandishi. Kosa lake nini? Muhuri wa maktaba ulikuwepo. Mtoto alilazwa siku tisa. Akapona, Mungu si Athumani.

Mkutubi alikwenda wodini kila jioni, siku zote tisa. Binti yake, ambaye leo ni muuguzi, anasema: "Mama alirudi akakaa jikoni. Akasema, muhuri ule niligonga mimi. Hakula."

Tangu hapo akaanza kuchuja. Kila kitabu alikifungua na kujiuliza kinamfaa nani. Kilichopitwa na wakati, kilichonyofolewa kurasa, kilicholiwa na mchwa, alikitoa akakitia kwenye kreti. Maktaba ilikuwa na vitabu elfu kumi na mbili. Alipomaliza vilibaki elfu tatu na kitu, lakini vinasomeka. Akaiandikia halmashauri: nipeni vipya, hata mia kwa mwaka.

Hapo akawa amewakanyaga mkia. Madiwani wetu kitabu hawakijui, idadi ya vitabu wanaijua. Elfu kumi na mbili ilikuwa katika kila hotuba. Mgeni aliambiwa elfu kumi na mbili kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Mwenyekiti wa kamati ya elimu, mtu ambaye hajawahi kuwa na kadi ya maktaba, akamwita kikaoni kujibu shtaka la kuharibu mali ya umma.

"Tumeajiri mkutubi au tumeajiri chujio?" akauliza. Wenzake wakacheka kama waliolipwa kucheka. Jina likaanzia hapo.

Bibi alikuwa amekuja na kreti moja ya vitabu alivyovitoa. "Mheshimiwa," akasema, "chagua kimoja humu umpelekee mjukuu wako. Tusomee kidogo basi tusikie."

Mheshimiwa akachagua kinene, chenye maandishi ya dhahabu ubavuni. Akakohoa. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya kampeni. Alisoma majina matatu na namba zake ndipo akashtuka. Kilikuwa kitabu cha simu cha mji wa ng'ambo, cha miaka arobaini nyuma. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Endelea tu, mheshimiwa," Bibi akamwambia. "Huenda mmoja akapokea."

Mtu mzima ovyo akiumbuka hatubu, hulipiza. Walimsimamisha kazi miezi mitatu. Kisha makreti yote yakarudishwa na vitabu vikapangwa rafuni upya, kitabu cha simu kikiwemo. Wakatangaza kwamba maktaba imefufuliwa.

Aliporudi hakugombana na mtu. Kila jioni aliondoka na vitabu viwili vibovu ndani ya kikapu cha sokoni. Ndiyo, wasikilizaji, aliiba. Aliiba takataka miaka kumi na tano, na halmashauri haikugundua, maana hakuna aliyekwenda kuhesabu. "Makochi hatukuwa nayo," binti anasema. "Tulikalia makreti ya vitabu, tumeyatandika shuka. Vingine vilichemsha maji ya kuoga."

Hakuwa malaika. Ukilowesha kidole kwa mate ili ufunue ukurasa, alikufokea mbele ya wanao. Mimi alinifokea, na nilistahili.

Jumapili mwenyekiti alikwenda kuhani, na wapiga picha wake nyuma. Akatafuta kiti. Kaka wa marehemu, fundi bomba, akamwonyesha kreti. "Keti, mheshimiwa, usione haya. Hiyo ni mali ya umma." Akaketi. Hata akashukuru.

Jumanne baraza likakutana. Madiwani wakasimama dakika moja kumkumbuka Bibi Chujio. Wakaketi. Ajenda iliyofuata ilikuwa fungu la kununua vitabu vipya, lile alilolilia mpaka anaingia kaburini. Wakalifuta. Narudia: wakalifuta, siku ile ile, viti havijapoa. Sababu waliyotoa ni kwamba maktaba ina vitabu elfu kumi na mbili na vinatosha. Hakuna mkono ulioinuka kupinga. Halafu, kwa kauli moja, wakapitisha maktaba iitwe kwa jina lake na kibao cha shaba kiwekwe mlangoni.

Asubuhi hii nimempigia binti yake simu kuuliza familia inasemaje. Amenijibu hivi: "Waambie jina la mama yangu halibandikwi kwenye mlango wa jalala. Walete vitabu kwanza."

Kwako binti, kwako kaka mtu, na kwa jamaa wote, poleni sana kutoka kituo hiki. Mmeondokewa na mama na dada. Madiwani wameondokewa na mtu pekee waliyemwogopa, ndiyo maana wamekuwa wepesi hivyo.

Nasi tujitazame, wasikilizaji wapendwa. Madiwani hawa hawakuletwa na mafuriko. Tulipanga foleni tukawachagua. Ukumbi wa baraza una viti hamsini vya wananchi, na yeyote anaruhusiwa kuingia. Nimemuuliza mlinzi ni wangapi waliokaa siku ile ya Jumanne. Wawili, akasema, na mmoja alikuwa anakimbia mvua. Mimi sikuwemo. Nilikuwa hapa studio nawapigia muziki, nanyi mlikuwa mnausikiliza.