Shikamoo ya Cecil Litunungu, Aliyeitwa Afande Mingoyo

Baba Padri, masheikh, wazee wa ukoo, viongozi mliotoka Newala na Masasi, mgambo wenzake marehemu, na ninyi majirani wote, wa heri na wa maneno, poleni na msiba, tulieni kidogo, maana historia hii ni ndefu na haitafupishwa. Kaburi limeshachimbwa, mnaliona, lakini dada yake marehemu, Mama Christopher, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba ya mama yao na ndiye mwenye neno la nani alale kwenye makaburi haya, amesema jeneza haliteremki mpaka isomwe yote, na kwa kuwa yeye hasomi, amesomewa mara mbili tangu jana, na palipokuwa pametiwa sukari amepafuta.

Marehemu Cecil Dickson Litunungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapahapa Mkunya, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Dickson Litunungu, mtumishi wa kanisa, na mama Maryam, ambaye alifariki mwaka 1966, Cecil akiwa wa miaka mitano na Isabela, yaani huyu Mama Christopher, akiwa wa miaka tisa. Tangu siku hiyo Isabela ndiye aliyemwogesha, aliyemsongea ugali wa muhogo, aliyemfunga mgongoni akienda kuteka maji bondeni, mtoto mzito kama gunia, miguu inaburuza, na watu wakimcheka kwamba ni siafu amebeba panzi. Ndiye pia aliyemfundisha kusalimia, akisimama mlangoni na mwiko, anamwambia, "Sema shikamoo, la sivyo hakuna kula," na mtoto anasema, naye Isabela, kinda la miaka tisa, anaitika "Marahaba" kwa sauti nzito ya kiutu uzima, kisha ndiyo anapakua.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1975, hesabu zilimpita pembeni, wala hakuficha, ila alikuwa na sauti, jamani, sauti ile mnaikumbuka, mwalimu mkuu alimpa kazi ya kuita mstari asubuhi, na akiita, hata mbuzi wa jirani walikuwa wanasimama. Dada yake alikuwa ameachia darasa la nne ili mdogo wake apate wa kumpikia.

Kuhusu kazi, marehemu aliingia mafunzo ya mgambo mjini Masasi mwanzoni mwa mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, akahitimu, akapandishwa kwenye lori na vijana wenzake kwenda vitani, wakaimba njia nzima, na lori lilipofika Mingoyo, bado huku huku kusini, likaambiwa lingoje, likangoja, wakalinda mifuko ya sukari mpaka vita vikaisha, wakarudishwa. Alirudi na buti, na kofia, na habari nyingi za risasi, na ndiyo maana mpaka leo wengi wenu mnamjua kwa jina la Afande Mingoyo, ambalo mwanzoni lilimkera akawa anatoa kirungu, baadaye akalizoea, na mwishoni likamwombea kura. Aliendelea kuwa askari wa akiba maisha yake yote, akilima korosho zake, akilinda minada, akifundisha vijana mguu sawa na mguu pande kwenye uwanja wa shule, na mwaka 1998 akawa kamanda wa mgambo wa kata.

Marehemu alifunga ndoa takatifu tarehe 20 Septemba 1986 na Witness, binti wa Chiwata, ambaye ndiye huyu mjane, Mama Huruma. Wanaosema alimkataa kwanza wanakosea. Cecil alikwenda kuposa na kombati zake, akasimama mlangoni akasema, "Witness, mimi nimekuja kukuoa," naye akajibu, "Ndiyo, afande, ila vua buti kwanza, mama amefagia," akavua, soksi zikaonekana zimetoboka kidole gumba, nyumba nzima ikacheka, na Witness mwenyewe anasema alimpendea kile kidole. Mungu aliwajalia watoto wawili, Huruma mwaka 1988 na Selestini mwaka 1992, nao wapo hapa.

Lakini kabla ya Huruma na Selestini alikuwepo mtoto mwingine aliyemfungua Cecil moyo, naye ni Christopher, mwana pekee wa Isabela, aliyezaliwa mwaka 1985. Ninyi wageni mliotoka mbali mjue kwamba kwetu mtoto wa dada ndiye mtu wako, ndiye atakayelichukua jina lako ukiondoka, na mjomba na mpwa huitana Njomba wote wawili, mkubwa anaita Njomba, mdogo anaitika Njomba, na hawa wawili ukiwasikia njiani ungedhani ni njiwa. Baiskeli ya Christopher ilinunuliwa na Cecil, na ile kengele yake yenye mlio wa kukwaruza aliifunga Cecil kwa mkono wake.

Siku ya mazishi ya Christopher ilisomwa historia mahali hapahapa, ikasema kijana alifariki kwa ajali ya baiskeli, watu wakaitika amina, wakala, wakatawanyika. Mama Christopher alikuwepo, akasikia, akanyamaza. Juzi wazee walipomwendea kumwomba nafasi ya kaburi aliwaambia hivi, nayo ni maneno yake, hayakuguswa: "Mwanangu mlimzika na uongo, mkaniletea na pilau. Huyu mdogo wangu hatalala karibu naye mpaka mseme. Someni yote, halafu mzike mnapotaka." Basi yanasemwa.

Mwaka 2009 Cecil alikuwa ameshaanza kunong'onezwa na wakubwa wa chama chake kwamba mwakani agombee udiwani, akawa hatulii, anapiga pasi kombati kila siku, anasalimia hata watu aliokuwa amegombana nao. Msimu huo wa korosho mgambo walipewa kazi ya kuwakamata vijana wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za watu kwa bakuli kwa siri na kuziteremsha nje ya mnada, na maneno yalikuwa mengi kwamba Afande Mingoyo anakamata watoto wa wenzake tu, wa kwao anawafumbia macho. Maneno hayo yalimfikia, yakamkaa kama mwiba.

Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 2009, asubuhi, ukungu ukiwa umeshika ukingo wote wa uwanda, marehemu alisimama kwenye kona ya njia inayoteremka kuelekea Chiungutwa, pamoja na mgambo wawili wageni kutoka Masasi, na baiskeli ikasikika inakuja, imelemewa na viroba, kengele inakwaruza. Cecil aliijua kengele. Kuna waliosema hakuijua, na wengine wameapa, lakini mwenyewe alimwambia dada yake, na dada yake ndiye anayetaka isemwe, aliijua kabla haijafika kwenye mti wa kwanza. Angeweza kuita "Njomba", na kijana angesimama, kwa maana hakuwahi kuitwa hivyo na mtu huyu asisimame, angeshuka anacheka, wangenyang'anya viroba, wangemgombeza, basi. Lakini wageni wawili walikuwa wanamtazama, na udiwani ulikuwa unamtazama, naye akatoa ile sauti ya mstarini, akasema, "Simama! Nani wewe?"

Christopher hakuijua sauti ile ya amri kuwa ni ya mjomba wake, au aliijua na ndiyo ikamtia hofu zaidi, hilo ameondoka nalo, alikata kona kwenda kwenye majani, mzigo ukamvuta, akaingia korongoni na baiskeli yake. Cecil alikuwa wa kwanza kuteremka, akiita Njomba, Njomba, mpaka chini, na huko hakukuwa na wa kuitika.

Alimpandisha mwenyewe mabegani mpaka kwa dada yake, akamlaza barazani, akamweleza yote bila kuficha, akamalizia kwa kusema, "Dada, ningemwita Njomba angesimama." Isabela akamjibu maneno mawili, "Ungemwita Njomba," na hayo ndiyo maneno ya mwisho kumwambia mdogo wake. Mkubwa mmoja wa chama, jina lake halitajwi hapa makaburini, ndiye aliyeshauri iandikwe ajali ili uchaguzi usiharibike, na Cecil akakubali, na hilo pia dada yake amesema lisifutwe.

Marehemu alichaguliwa kuwa diwani wa kata yetu tarehe 31 Oktoba 2010, akachaguliwa tena mwaka 2015, na tusimnyime haki yake, alifanya kazi, alipigania maji, barabara ya zahanati ilipitika, na kwenye kikao akisimama hata wenye digrii walikaa vizuri. Watu walimpenda kwa utani wake. Siku ya mkutano wa kwanza wa kampeni Bi Ziada alimpigia kelele kutoka kwa akina mama, "Wewe Mingoyo, huko vitani ulipigana na nani, na wauza embe?" naye akajibu kwa kipaza sauti, "Na njaa, Bi Ziada, na ilinishinda!" uwanja ukalipuka, na kura zikaja. Lakini wale waliokaa mbele waliona kwamba kabla ya kupanda jukwaani alikwenda kwanza alipokaa dada yake, akavua kofia, akainama, akasema, "Shikamoo, dada," na dada akawa anaondoa mawe kwenye mchele wake, jiwe moja, jingine, mpaka alipoondoka.

Ikawa hivyo kila mahali. Kanisani, shikamoo dada, kimya. Kwenye misiba, shikamoo dada, kimya. Alipoleta bomba la maji likawekwa karibu kabisa na uwanja wa Isabela, kata nzima ikajua limewekwa pale kwa nini, Isabela akachukua ndoo yake akapita mbele ya bomba, akaenda kuteka kwenye la mbali, na akina mama kwenye foleni walipomtania, "Mama Christopher, maji ya diwani yana chumvi?" akasema, "Fulieni nguo zenu, mie naenda." Diwani alikuwa anapigiwa saluti na vijana, anaitwa mheshimiwa mpaka Mtwara, na alikuwa anarudi nyumbani anamwambia Mama Huruma kwamba angeyatoa yote apate marahaba moja. Mwaka 2020 jina lake halikurudi kwenye kura za maoni za chama chake, wengine waliona ni msiba, yeye alivua suti, akavaa kombati zake, akarudi kufundisha mguu sawa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kukwama sauti mwaka 2022, sisi sote tukasema ni makelele yake, akapewa tangawizi, akapewa mizizi, hata walipogundua ni saratani ya koo ilikuwa imeshakaa. Alitibiwa Masasi, Mtwara na Dar es Salaam, na mwezi Mei 2023 madaktari wakamwondoa sehemu ya koo inayotoa sauti, wakamwachia tundu shingoni la kupumulia. Sauti iliyosimamisha mbuzi ikaisha. Aliporudi Mkunya, jambo la kwanza alikwenda kwa dada yake, akasimama uwanjani, akavua kofia, akainama, midomo ikacheza, na hakikutoka kitu ila upepo kwenye tundu. Isabela alimwangalia muda, kisha akamgeukia Witness aliyekuwa amefuatana naye, akamwambia, "Mbona mumeo siku hizi hanisalimii?" Wapo waliosema ni ukatili. Witness anasema Isabela alipoingia ndani alimsikia analia.

Hali ilizidi mwezi Julai mwaka huu, akalazwa hospitali mjini Masasi, na alipoulizwa na wanawe azikwe wapi, kwa mkono alionyesha upande wa uwanda, kisha akaonyesha kama anaendesha baiskeli, wakaelewa. Jumatatu ya tarehe 11 Agosti Mama Christopher alipanda gari Mkunya bila kumwambia mtu, akafika wodini, akavuta kiti, akakaa. Marehemu alimtambua, midomo haikuweza tena, akanyanyua mkono kichwani akampigia saluti. Isabela aliushika ule mkono, akaushusha taratibu, akaufunika kwa shuka, akakaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na alipotoka alimwambia muuguzi kwamba atarudi kesho na uji. Marehemu alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, alfajiri, uji ukiwa bado haujapikwa, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia kwa upole mtu aliyezoea kutoa amri, inawashukuru madiwani wenzake, wanachama, majirani wa Mkunya, wakwe wa Chiwata waliotaka alale kwao wakakubali alale hapa, na mgambo wenzake mliokuja na kombati mkiwa tayari kumuaga kwa gwaride, ila mjue kwamba Mama Christopher amewaomba mbebe kimyakimya, amri isitolewe kwa sauti mahali hapa, kwa sababu kaburi la pili yake ni la Christopher, na Christopher ameshasikia amri ya kutosha.

Limebaki moja, nalo si la kwenye historia. Kwa kuwa sauti yake ilikatwa, familia inamsalimia dada yake kwa niaba yake, mbele yenu wote: Shikamoo, dada Isabela. Tutanyamaza hapa kidogo kabla ya kuteremsha jeneza. Akiitika, ameitika, asipoitika, mtu yeyote asimnong'one, huko njiani wala kwenye foleni ya maji.

Nawe, Njomba, lala kwa amani pembeni ya Njomba wako, hapa hakuna atakayekwambia simama.