Mzee wa Makarai

Wewe umewahi kupigia chuma magoti? Jana, katika Hiace ya kutoka Geita kwenda Kharumwa, mama mmoja wa makamo alimweleza jirani yake wa kiti kwamba yeye amewahi. Jirani alikuwa muuza vyombo, na tulishajua wote kuwa anaitwa Akida, maana alijitaja kwa kila aliyepanda.

Mama alikuwa ametoka Kalangalala, palepale Geita mjini, kwenye maonyesho ya sanamu za mwanawe Sostenes. Mlangoni alikuta mzee ameketi, ameundwa kwa makarai mabovu na majembe yaliyolika, kavishwa kofia na koti. Akapiga magoti, kama tulivyolelewa sisi Wasukuma, akasema, "Shikamoo, baba," akasubiri.

"Akaitikia?" Akida aliuliza. Abiria wakacheka. Mimi nilikohoa, maana kicheko kilishanifika kooni.

"Wageni walinipiga picha nikiwa chini."

"Lakini mama, hiyo si ndiyo sifa ya fundi? Mwanao hakufurahi?"

"Aligeuza uso, akajifanya hanijui."

Gari likasimama Kharumwa. Mama akajifunga kitenge chake vizuri, akasema bila kumtazama mtu, "Nilitaka tu awaambie wale wageni, 'Huyu ndiye mama yangu.'"